Dada Yangu na Mlima wa Kwenye Bango

Dada yangu ni fundi cherehani. Chumba chake cha kazi kimebanwa kati ya duka la sabuni na duka la ndoo, nacho ni chembamba kiasi kwamba mteja mnene akiingia, aliyeko ndani inambidi atoke kwanza. Mguu wake wa kushoto ulipooza alipokuwa mtoto wa kutambaa. Anatembea kwa magongo mawili ya mbao, na vyuma vilivyofungwa kwa mikanda kuanzia kwenye kiatu hadi pajani. Mguu wa kulia ndio unaokanyaga cherehani tangu asubuhi, na umejaza msuli kama wa mcheza mpira. Mwenyewe husema mguu huo ni kama mwanamume mwenye wake wawili: haupumziki na haushukuriwi.

Wateja wanampenda na wanamlalamikia, kama ilivyo kwa mafundi wote.

"Fundi, si uliniambia Jumatano?"

"Nilikuambia Jumatano. Sikukuambia ipi."

Basi mteja anacheka, anavuta kigoda, na dada anamalizia kushona mkono wa mwisho huku akimpa habari za mtaa.

Mimi ni mdogo wake. Nabeba mizigo ya watalii wanaopanda mlima ulio nyuma ya mji wetu. Ni kazi inayonifaa kwa sababu haina maneno mengi. Wenzangu wananiita Kimya. Naandika haya kwa sababu dada ameacha kuyasema, na katika nyumba yetu asiposema yeye hakuna msemaji mwingine.

Tangu utotoni dada alitaka kitu kimoja bila kukificha: kufika juu ya ule mlima. Shuleni kwetu, watoto wa darasa la sita walipelekwa huko kila mwaka. Ilipofika zamu ya darasa lake, mwalimu alimwambia abaki chini alinde masweta. Wenzake wakarudi jioni wamekuwa watu wengine. Kuna jambo lilitokea kule juu, nadhani lilimhusu mwalimu mwenyewe, na kwa mwaka mzima mtu akitaja tu neno "kofia" darasa zima lilivunjika mbavu. Dada naye alicheka. Aliniambia baadaye kwamba alikuwa anacheka kama mtu anayeitikia wimbo wa lugha asiyoijua. Alipowauliza kuna nini, walimjibu, "Ah, ungekuwepo ungeelewa."

Kumpandisha si kazi ya mtu mmoja. Njia yenyewe inapitika hata kwa magongo, mtu akiwa na subira. Tatizo ni jabali la karibu na mwisho, lenye ngazi ya chuma iliyopigiliwa kwenye mwamba. Pale mtu wa kubebwa anahitaji machela, kamba na wapagazi wanne wanaojuana. Kampuni inayotuajiri inavyo vyote hivyo, lakini kwa ajili ya mgeni aliyelipia au aliyevunjika.

Dada huishonea kampuni hiyo mahema yaliyochanika na mabegi yaliyokatika mikanda. Siku moja Meneja mwenyewe alileta begi, na badala ya kuliacha akakaa.

"Dada fundi, hivi wewe umewahi kupanda mlima?"

"Kwa miguu ya nani?"

Meneja akacheka. Akamweleza kwamba siku hizi wapo wageni wenye ulemavu wanaotafuta mahali pa kutembea, na kwamba kampuni nyingine zimeshaanza kutoa matangazo ya kuwavuta. Yeye alitaka bango lenye mtu mwenye mahitaji maalumu akiwa kileleni, mtu wa hapa hapa, mwenye uso wa kupendeza.

"Mahitaji yangu si maalumu," dada akasema. "Nataka kufika juu tu."

"Basi tumeelewana," akasema Meneja.

Hawakuelewana, lakini hilo lilijulikana baadaye. Wiki ile dada alijishonea suruali ya kitambaa kizito na akaweka raba mpya kwenye ncha za magongo. Mama alimuuliza suruali ile ni ya nani, akajibu ni ya mpanda mlima mmoja hivi, mwenye haraka. Nilikuwa sijamwona mchangamfu namna ile kwa muda mrefu.

Siku ya picha, gari la kampuni lilitufuata nyumbani. Mimi na mwenzangu mmoja, mpagazi wa zamani tunayemwita Kobe, tulikuwa tumeambiwa tuje bila mizigo. Nilidhani tutamkuta Meneja na machela, tuanze safari. Gari likaishia kwenye maegesho, chini kabisa, na hakuna aliyeshusha machela. Mpiga picha, kijana aliyegeuza kofia nyuma, alikuwa anazunguka jiwe kubwa lililo pembeni, lile ambalo madereva hujisaidia nyuma yake. Kisha dereva akashusha kiti cha magurudumu.

"Hicho cha nani?" dada akauliza.

"Chako," akasema Meneja.

"Mimi sina kiti. Natembea."

"Magongo hayasomeki kwa mbali, mama," mpiga picha akamwambia kwa upole. "Mtu atadhani ni fimbo za kupandia mlima. Kiti kila mtu anakielewa."

"Na vyuma vyangu?"

"Vyuma tutavifunika na blanketi. Vinaleta huzuni. Tunataka ulemavu uonekane, lakini uwe wa furaha."

Dada alinitazama. Mimi nilimtazama Meneja, na Meneja alikuwa anatazama saa. Tukampandisha dada juu ya jiwe, tukamkalisha kwenye kiti, na kwa kuwa jiwe lina mteremko, mimi na Kobe tulilala kifudifudi nyuma yake, kila mmoja ameshika gurudumu. Mpiga picha naye akalala chali kule chini ili kamera yake isione kitu kingine ila dada na mbingu.

"Inua mikono. Cheka. Cheka kama mtu aliyefika."

"Sijafika."

"Ndiyo maana nikasema kama."

Dada akashusha mikono. "Meneja, juu tunakwenda saa ngapi?"

"Leo tunawahi mwanga, dada. Mwanga hausubiri mtu. Msimu ukiisha na wageni wakipungua, nitakupandisha mwenyewe, na machela na watu wanne. Hilo ni neno langu."

Hapo dada alicheka. Ndicho kicheko kilichoko kwenye bango. Watu wengi wanasema kinagusa moyo, na wana haki, maana hakikuwa cha kuigiza. Alikuwa amemwamini.

Bango likasimamishwa stendi, mahali ambapo hakuna anayeingia wala kutoka mjini asilione. Kiti, dada, mikono juu, mawingu chini ya magurudumu. Mawingu hayo yalitiwa baadaye, pale palipokuwa na gari letu na mikono yetu. Maandishi makubwa yalisema: MLIMA HAUCHAGUI. Kobe alisimama mbele yake akitafuta.

"Mkono wangu wameupeleka wapi?" akaniuliza. "Ndio unaonilisha huu."

Siku za mwanzo chumba cha dada kilijaa watu wa kumpongeza. Wengine hawakuwa na nguo ya kushona, walitaka tu kumshika mkono. Walimuuliza kama aliogopa. Aliwaambia ukweli, kwamba picha ilipigwa maegeshoni, na wao wakamgonga bega wakisema, "Fundi kwa unyenyekevu, hajambo." Kadiri alivyokana ndivyo walivyozidi kumpenda. Walikuwa wamemvika kilemba cha ukoka na hakuwa na namna ya kukivua.

Kisha yakaja mengine. Mama mmoja, mteja wa miaka mingi, alituma mtu kuchukua kitambaa chake akampelekea fundi mwingine. Alikuwa ameona kiti kwenye bango akajua mguu wa dada umezidi kuharibika, na fundi wa kukaa kwenye kiti cha magurudumu atakanyagaje cherehani? Alifanya hivyo kwa huruma, ili asimtese mgonjwa. Mwingine alimkuta dada sokoni na magongo yake akamuuliza mbele za watu, "Kile kiti umekiacha wapi? Au unakitoa siku ya wazungu tu?" Watu wakacheka. Dada, ambaye hajawahi kukosa jibu sokoni, alilipia vitunguu akaondoka bila kuvichukua.

Mama yetu alikata picha hiyo hiyo kutoka kwenye karatasi ya matangazo akaibandika ukutani, karibu na kabati la vyombo.

"Mama, mimi sikufika," dada akamwambia.

"Najua hukufika, mwanangu. Lakini wao hawajui. Sasa unawaambia ya nini?"

"Kwa sababu bado nataka kwenda."

Mama aliendelea kupanga vikombe. "Utakwenda," akasema. "Meneja si alisema?"

Msimu ukaisha. Wageni wakapungua, mahema yakaletwa kushonwa, na dada akayashona yote bila kumtajia mtu kitu. Alipoyamaliza alifunga chumba mchana, jambo ambalo hafanyi, akaja ofisini kwa Meneja. Mimi nilikuwa stoo ya jirani nakunja kamba, na ukuta wa pale ni wa mbao.

"Nimekuja kwa ile ahadi," dada akasema.

"Ahadi gani, dada?"

"Ya kunipandisha."

Meneja akacheka, akidhani ni utani wa fundi. Alipoona hauishi, akavuta kiti. "Sikiliza, dada yangu. Wewe ulishapanda. Nchi nzima imekuona. Leo nikikutoa hapa umelala kwenye machela, watu wanne jasho linawatoka, mtu akapiga picha kwa simu yake, hilo bango litakuwa nini?"

"Litakuwa uongo."

"Ndiyo. Na litakuwa uongo wetu sote, hata wewe. Wewe ndiye uliyeinua mikono."

Nilisikia magongo yakitoka, moja, la pili, na mguu unaoburutwa. Nilitoka nikamfuata, nikambebea mkoba wake hadi chumbani kwake.

Nililala na jambo hilo siku kadhaa, kisha nikaamua kusema na wapagazi wenzangu. Huwa tunakaa nyuma ya stoo, tunaosha kamba na kuanika mahema. Niliposema "nina ombi," wote waliacha kusugua, kwa sababu hawakuwa wamezoea. Nikawaeleza: siku yetu ya mapumziko, tuazime machela, watu wanne, tumpandishe dada yangu. Meneja hana haja ya kujua.

Wa kwanza kujibu alikuwa Redio, msemaji wetu, ambaye huwatangulia wageni na kuwasimulia njia nzima.

"Tumbebe tena?"

Nilidhani anatania. Hakuna aliyecheka.

"Tena vipi?" nikauliza.

"Kimya, wewe umesahau ile siku? Mimi mabega yaliniuma hadi nikashindwa kuvaa shati."

"Pale kwenye ngazi ndiyo usiseme," akasema Kobe. "Aliponing'ang'ania ukosi nikajua tunakwenda wote."

Nikamwangalia Kobe usoni. Uso wake ulikuwa wa mtu anayekumbuka.

Ilitokea hivi. Wageni waliliona bango wakiingia mjini, na njiani swali lao la kwanza lilikuwa ni yule mwanamke alifikaje. Meneja alikuwa ametuagiza tujibu kwamba alipandishwa na sisi. Lakini jibu kavu halimshibishi mtu mwenye safari ndefu, naye mgeni akiuliza zaidi, unafanyaje? Redio alitia chumvi kidogo: aliweka mahali alipopumzika, kwenye mwamba uliopasuka. Mwingine akaweka machozi. Kobe akaweka ukosi wa shati. Walisimulia jambo hilo kila siku ya msimu, mbele ya watu waliosimama kuwasikiliza kwa heshima ambayo mpagazi haipati kwingine kokote. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hii ilikuwa inapanda na kushuka mlima kila siku, na sasa ilikuwa imekanyagwa hadi ikawa njia kweli.

"Kobe," nikasema, "tulikuwa maegeshoni. Wewe ulilala kushoto, mimi kulia."

Alikuna ndevu. "Hiyo ilikuwa siku ya picha. Mimi nasema ile siku nyingine."

"Hakuna siku nyingine."

"Sasa Kimya," Redio akadakia, na sauti yake haikuwa na mzaha, "umekaa miaka yote bila kusema, leo umefungua mdomo ili utuite waongo?"

Nikachukua kamba yangu nikaendelea kuosha. Jioni nilimwambia dada kwamba wamekataa. Namna walivyokataa sikumweleza, ilikuwa nzito mno kutamka.

"Basi tutakwenda wawili," akasema. Alikuwa ameshalifikiria. "Njia nitaimaliza polepole. Ile ngazi ni kazi ya mikono, si ya miguu, na mikono yangu imenibeba tangu utoto. Wewe ukae chini yangu unisukume kiuno tu. Au kiuno cha dada yako kinakutia aibu?"

"Hakinitii."

"Haya."

Tuliondoka alfajiri siku ya mapumziko. Alikuwa amevaa ile suruali. Njia ilimchukua muda mrefu, na kwenye kokoto alianguka, akainuka, akaanguka tena, akaniambia nisiwe na uso wa msibani. Viganja vilianza kuchubuka akavifunga na vipande vya kanga alivyokuja navyo. Kadiri tulivyopanda ndivyo alivyozidi kuzungumza. Aliniambia akifika atakaa tu. Hatainua mikono, hatacheka; atakaa kama mtu aliyekaa kwake. Mchana tulifika chini ya ngazi. Akaishika kwa mkono mmoja, akaitikisa, ikawa imara. Akanipa gongo moja nimshikie.

Ndipo tukasikia viatu juu yetu. Kundi dogo la wageni lilikuwa linashuka, na mbele yao alikuwa Redio, aliyeitwa kazini siku ile bila mimi kujua. Alipomwona dada alisita kwenye ngazi kama mtu aliyekutana na aliyemzika. Lakini wageni nao walikuwa wamemwona na wameshamtambua. Redio akashuka, akajifuta jasho, akageuka kwao.

"Huyu hapa ndiye mwenyewe," akawaambia, kwa lugha yao na kisha kwa yetu.

Na pale pale, dada akiwa amesimama na gongo moja, akaanza kusimulia. Mwamba uliopasuka, alipopumzika. Ngazi hii, alipomshika Kobe ukosi. Juu, alipolia. Alisimulia vizuri, kwa sababu ni kazi yake. Dada alisikiliza kila neno huku kichwa kimeinama kidogo, kama mtu anayesikiliza wasifu wa marehemu aliyemfahamu kwa mbali.

Mgeni mmoja aliuliza kitu. Redio akamjibu haraka, na dada akamuuliza wanasema nini.

"Anauliza kiti kiko wapi. Nimemwambia umepata nafuu. Nimemwambia mlima una baraka."

Mgeni mwingine, mwanamke wa makamo aliyekuwa na machozi tayari, akamshika dada mkono uliofungwa kanga na kuuliza lake.

"Anataka kujua," akasema Redio bila kumtazama, "ulijisikiaje ulipofika."

Nilingoja. Dada yangu hajawahi kumwacha mtu aondoke na uongo mbele yake, awe mteja, awe mwalimu, awe mama yetu. Aliutazama ule mwisho wa ngazi pale unapopotelea kwenye mwamba. Kisha akamtazama yule mwanamke.

"Mwambie nilifurahi," akasema.

Wakapiga makofi. Wakampiga picha pamoja nao. Redio akawaongoza chini, na alipopita karibu yangu alinigusa bega, sijui kwa kuomba radhi au kwa kushukuru.

Walipokwisha kupotea kwenye kona nilimkaribia dada na kukaa tayari chini ya ngazi. "Haya, dada. Shika juu. Mimi nipo."

Hakushika. Alikuwa anafungua kanga kwenye kiganja, anaikunja vizuri, kona kwa kona.

"Nikipanda," akasema, "nitamwambia nani?"

"Utaniambia mimi."

"Wewe utakuwa umeniona." Akaitia kanga mfukoni. "Na nikianguka hapa watasema, maskini, safari hii ya pili haikuwa na bahati. Nipe gongo langu."

Nilimwambia ni hatua chache tu. Nilimwambia nitamfunga mgongoni kwa kamba, tutajaribu hivyo. Nilisema maneno mengi siku ile kuliko niliyosema mwaka mzima, na yote yalikuwa ya kweli. Alingoja hadi yakaisha, akanyoosha mkono, nami nikampa gongo.

Tukashuka. Kwa mwenye vyuma mguuni kushuka ni kugumu kuliko kupanda, kwa sababu goti halikunjiki na mwili unataka kutangulia. Kwenye mteremko mkali hawezi kwenda mbele. Inambidi ageuke, ashuke kinyumenyume, gongo kwanza, mguu, gongo la pili. Kwa hiyo sehemu kubwa ya njia alishuka uso wake ukiwa umeelekea juu ya mlima, nami nyuma yake nikimwambia pa kukanyaga.